Mbweha Ajinyima Majani

Hata porini Kwaresima hufika. Jumatano ya Majivu wanyama walikusanyika mbele ya Kobe, katekista wao, kila mmoja aseme atajinyima nini. Nyani aliacha ndizi mbivu, na uso wake ulionyesha jinsi ilivyomuuma. Mbweha alikuwa ameshajipanga tangu nyumbani: nyama yake haiguswi.

"Mimi naacha majani," alisema kwa sauti ya unyenyekevu.

"Majani?" Nyani alishangaa. "Kwani wewe unakula majani?"

"Ya nyumbani kwangu huyajui, ndugu yangu. Kila jioni namaliza mzigo mzima. Acha tu, nitateseka."

Kobe hakubisha. Alimpaka majivu, akamwombea nguvu.

Jioni ile Mbweha alikuwa anaguguna mfupa aliposikia hodi. Mlangoni alisimama Kobe, na nyuma yake Mama Digidigi, mjane, na wanawe waliokonda.

"Tumefuata majani," Kobe alisema.

"Majani gani?"

"Uliyojinyima. Si unaijua desturi yetu? Anachojinyima mtu ni cha maskini. Nyani ameshatoa ndizi zake. Wewe ulisema mzigo mzima, kila jioni."

Mbweha alipiga hesabu haraka. Akisema hajawahi kuonja majani, atakuwa amekiri kwamba alimdanganya Mungu huku akipakwa majivu.

Basi hadi Pasaka alishinda bondeni, akikata majani kwa meno yaliyozoea nyama. Wana wa Digidigi wakanawiri.

Mwaka uliofuata, Kobe hakuwahi hata kumaliza kuuliza.

"Nyama!" Mbweha alidakia. "Mimi naacha nyama."