Bila Kigelegele

"Kanyaga, gunia la pumba wewe!"

Sauti ilitoka nyuma ya pikapu iliyokuwa ikimfuata Luhende tangu alfajiri, alipoondoka Shinyanga na baiskeli yake. Mwanamke aliyesimama bodini, ameshika bomba kwa mkono mmoja, aliitwa Getruda. Alivaa fulana ya kundi lake la ngoma, Bagalu.

Luhende hakugeuka. Yeye alikuwa mtu wa Bagika. Makundi hayo mawili yalitukanana kwa nyimbo tangu enzi za mababu, na siku ya mashindano mtu wa Bagika hapokei hata kata ya maji mkononi mwa Bagalu.

Kwenye usukani, Bwana Jonathan alicheka mpaka akafuta machozi. Alikuwa mnunuzi wa pamba, mmoja wa hao walioingia baada ya soko kufunguliwa kwa watu binafsi. Ghalani kwake Mwanza kulikuwa na vitanda vya chuma vya wodi ya wazazi. Zahanati ya kijijini kwa Luhende haikuwa na kitanda hata kimoja. Mke wa Luhende alijifungulia kwenye sakafu ya saruji, na mtoto hakuliona jua la pili.

Jonathan alipokuja kijijini, Luhende alisimama mkutanoni, mbele ya kijiji kizima, akaviomba vitanda hivyo.

"Nipe kazi yoyote, bwana. Nitaifanya."

"Kazi?" Jonathan aliitazama baiskeli iliyoegemezwa ukutani. "Toka Shinyanga mpaka ziwani Mwanza na hicho chuma chako, kabla jua halijazama."

"Nitafika. Mungu wangu ananitosha."

"Basi na akutoshe kweli! Usisukumwe. Usishangiliwe. Nikisikia kigelegele kimoja tu, au neno moja la kukutia moyo, vitanda naviuza."

Ndiyo maana pale Shinyanga, alipomkuta mwanamke wa Bagalu amekuja kumzomea Luhende, Jonathan alimfungulia bodi kwa furaha. "Panda, mama. Mzomee mpaka ziwani."

Na Getruda hakumnyima raha hiyo.

"Nenda hukohuko kushoto, kipofu wewe!" alipiga kelele karibu na Mabuki. "Uzame kwenye mchanga tukucheke!"

Luhende alihamia kulia.

"Midomo imekukauka kama ng'ombe wa mnadani, na maji unayo! Bagika hata kunywa hamkufundishwa?"

Luhende alichomoa chupa, akanywa kwa hasira, maji yakamchuruzika kifuani.

Jonathan alitoa kichwa dirishani. "Mama, unamfahamu sana huyu?"

"Huyu? Hata usingizini anajisifu!"

Jonathan alicheka, akapiga honi.

Misungwi watu walikuwa wamejipanga pande zote mbili za barabara, kimya kama msibani. Habari za vitanda zilikwisha kuwafikia. Bibi mmoja alivuta pumzi ya kigelegele, na jirani yake akamziba mdomo kwa kanga. Luhende alipita katikati ya macho yale yote bila kusikia chochote isipokuwa mnyororo wake, na wimbo kutoka bodini:

"Luhende kapanda chuma, miguu kama ya mbuzi,
Kilima chamtazama, chamwambia: huniwezi!"

Alikiweza. Akakiweza na kilichofuata.

Kilima cha kuingilia Buhongwa ndicho kilichomwangusha. Goti la kushoto lilikataa, baiskeli ikayumba, akalala ubavu barabarani huku gurudumu la nyuma likizunguka hewani. Jua lilikuwa limeshuka hadi usawa wa vilele vya mawe.

Jonathan alisimamisha gari. "Imekwisha," alisema, akasubiri tusi.

Halikuja upesi. Getruda alikuwa amelikamata bomba kwa mikono yote miwili. Kisha akapasuka:

"Lala! Lala hapohapo sakafuni, kama wanavyolala wake zenu wakizaa!"

Jonathan aliacha kutabasamu. "Mama, hilo limezidi."

Lakini Luhende alikuwa ameshaanza kuinuka. Alitema vumbi, akainyanyua baiskeli, akaishika kama mtu anayemshika dume la ng'ombe pembe.

"Tukaneni mpaka mate yawakauke!" alinguruma. "Nafika! Mnasikia? Nafika!"

Akakanyaga kwa goti lile lile lililokataa.

Ziwa lilijitokeza chini, likimetameta kama bati jipya. Alipita mjini bila kugusa breki. Mwaloni Kirumba, wanawake waliokuwa wakianua dagaa waliacha kazi, wakamwona mtu mwekundu kwa vumbi akishuka kwenye mchanga mpaka gurudumu la mbele likaingia majini. Jua lilikuwa bado na ukucha mmoja juu ya maji.

Jonathan alishuka polepole. Alivua kofia.

"Umeshinda," alisema. "Kesho vitanda vinapakiwa kwenye lori langu mwenyewe. Nimekufuata kutwa nzima, na sikusikia hata neno moja la kukutia moyo. Kweli Mungu wako anatosha."

Luhende alikuwa akihema, paji la uso juu ya usukani.

Jonathan alimgeukia Getruda, ambaye alikuwa amesharuka kutoka bodini na kusimama majini, kanga imelowa mpaka magotini. "Na wewe, mama, kwa matusi ya leo sidhani kama kuna mtu wa Bagika atakayekupa hata maji ya kunywa. Panda mbele, nikurudishe kwenu."

"Asante, bwana," alisema Getruda. Alikaa kwenye keria ya baiskeli, akamshika Luhende kiunoni. "Mimi narudi na mume wangu."

Kisha akapiga kigelegele.