Karatasi ya Wilmer

Kuku wa kwanza aliingia kwa mlango wa mbele, miguu imefungwa, kwapani mwa Dada Custodia.

"Mungu akubariki, dada!" Custodia alipaza sauti, maana masikio ya Yurany yalikuwa yamezibwa pamba. Kwao mzazi hukaa ndani siku arobaini, kitambaa kichwani na pamba masikioni ili baridi isimwingie, akinywa mchuzi wa kuku hadi auchoke. "Tumekuja kukuona wewe na Wilmer!"

"Wilmer yuko kazini."

"Wilmer mdogo, jamani! Huyo mkubwa wa nini?"

Nyuma yake waliingia akina dada watatu wa kanisani na viazi, sabuni na kelele. Mama Eduvigis, mama mkwe wa Yurany, aliwatazama kutoka jikoni, upawa mkononi.

"Msimdekeze," alisema. "Mimi huyo Wilmer mkubwa nilimzaa Jumatatu, miaka ishirini na minane iliyopita. Alhamisi nilikuwa shambani nachuma kahawa."

Wimbo huo Yurany aliusikia kila siku, pamba au hakuna pamba. Mtoto akilia, aliona kama analia mtoto wa jirani. Alimnyonyesha huku akitazama ukuta. Akijaribu kuomba, aliishia kwenye "Bwana" tu, hapo maneno yakagoma. Hakuwa amemwambia mtu.

Custodia aliketi kitandani, akamchomoa pamba ya sikio moja.

"Tumesoma karatasi yako," alinong'ona.

"Karatasi gani?"

"Ya kisanduku cha maombi, kule kanisani. Usione haya. Jumapili Shemasi Fidel alikuwa anapaka rangi, akakiangusha, ubao wa chini ukaachia, karatasi ikatoka ilikokuwa imenasa. Yule bwana hajui kushika kitu! Kumbe Mungu ana kazi na mikono yake mibovu." Akaikariri kwa sauti yake ya kawaida, ambayo haikuwa ndogo: "'Dada zangu, niombeeni. Wilmer ana siku kumi na nane na siwezi kumtazama. Naogopa Mungu atanichukia.'"

Jikoni, upawa ulianguka sakafuni.

"Sikuandika mimi," alisema Yurany.

"Sawa, mama."

"Kweli, Dada. Kwanza ana siku ishirini na moja."

"Basi uliiandika siku tatu zilizopita," alisema Custodia.

Yurany alifungua kinywa akane tena. Badala yake akalia, kamasi na yote, kwa mara ya kwanza tangu ajifungue. Hakuiandika karatasi ile, lakini kila neno lilikuwa lake.

Custodia alimshika mkono. "Bwana, huyu amechoka. Akikosa la kukuambia, msikie hivyo hivyo. Amina."

"Basi?" aliuliza dada mmoja, ambaye ndiyo kwanza amepiga magoti.

"Basi. Inuka, nepi hazijifui."

Kesho yake Custodia alimpeleka zahanati, pamba masikioni na kitambaa kichwani. Yurany alilalamika kwamba siku arobaini hazijatimia. "Mungu anaijua hata njia ya zahanati," alijibiwa. Daktari alimsikiliza bila kutazama saa, akampa dawa, akampangia siku za kurudi wazungumze.

Jioni Yurany alimbana mumewe.

"Ni wewe uliyeandika?"

"Mimi? Hata orodha ya sokoni ananiandikia mama!"

Ilikuwa kweli. Mama Eduvigis ndiye mwandishi wa nyumba. Makopo yote ya jikoni aliyaandika yeye, chumvi, sukari, bizari, kwa herufi zilizolala kinyumenyume kama watu waliokutana na upepo mkali.

Basi Yurany akaacha kutafuta. Kuna aliyemwona, hata kabla hajasema lolote, na hakumchukia. Asubuhi moja, akingoja maji yachemke, alisema "Bwana," akasubiri maneno mengine. Hayakuja. Safari hii hakuhofu; alijua amesikika.

Wimbo wa kahawa nao ulikoma. Kila alfajiri Mama Eduvigis alikuja kumchukua mtoto bila kuombwa. "Lala," alisema, akaondoka. Siku moja alisimama mlangoni, akidhani pamba za Yurany zimeziba vizuri.

"Inapita, mwanangu," alisema kwa sauti ndogo. "Inachelewa, lakini inapita."

Siku ya thelathini na tatu mtoto alipiga chafya kubwa kuliko mwili wake, kisha akashtuka kwa chafya yake mwenyewe. Yurany akacheka. Akamtazama. Akaendelea kumtazama mpaka mchuzi ukapoa.

Siku ya arobaini Custodia alileta kuku wa mwisho, na ile karatasi.

"Ombi lililojibiwa hurudi kwa mwenyewe," alisema. "Ndiyo desturi yetu. Na usianze tena na 'sikuandika mimi'!"

Alipoondoka, Yurany alichomoa pamba zote mbili, akakaa barazani. Dunia ilikuwa na kelele nzuri. Kupitia dirisha la jikoni alimsikia mama mkwe akimbembeleza mtoto: "Wilmer, Wilmer wangu, hebu nikutazame."

Akaikunjua karatasi. Ilikuwa imegeuka rangi, nyepesi kama ganda la kitunguu, na herufi zake zote zilikuwa zimelala kinyumenyume.

Aliigeuza. Nyuma palikuwa na tarehe, kwa penseli: miaka ishirini na minane iliyopita.