Baiskeli ya Mvulana

"Wewe mama una wazimu!" Mnunuzi alilibamiza geti hadi mbwa wa jirani akaanza kubweka. "Unatangaza kitu, mtu anatoka kwake, anapoteza nauli, halafu unamwambia huuzi? Huna hata haya?"

Mpangaji wa mama huyo alisimama mlangoni, uso umemshuka. Alijua kinachofuata. Kabla chai haijapoa simu ikalia: nyota moja, na maneno ya moto chini yake. Msumbufu. Mpoteza muda. Kaeni naye mbali.

Na ukurasa wenyewe wa mtandaoni ulikuwa wake yeye mpangaji, si wa mwenye nyumba. Aliuzia humo viatu vya mtumba, na jina lake lilikuwa safi kwa sababu hakuwa na longolongo: kiatu kikiwa na ufa anausema, na aliyetangulia kuulizia hapitwi na mwenye pesa nyingi. Sasa sifa yote hiyo inakwenda na maji, kisa baiskeli moja ya mtoto.

"Mama, hii si haki," alisema. "Kama hutaki kuuza, tulifute tangazo."

"Nataka kuuza," alijibu mwenye nyumba, Mama Cherehani, bila kuinua macho kutoka kwenye mshono. "Ila si kwa yule."

"Kwani yule ana nini?"

"Hana kitu."

Basi, ndiyo majibu yake hayo. Zamani, majirani walisimulia, aliitwa kwa jina la mwanawe kama mama mwingine yeyote. Tangu gari limgonge mtoto pale kona, hakuna aliyethubutu kulitamka jina lile mbele yake, ndipo wakamwita Mama Cherehani. Dereva hakusimama. Hakuna aliyeliona gari, hakuna aliyesikia kitu. Askari walikuja, wakapima barabara, wakaenda zao. Picha za mtoto zilifungiwa sandukuni. Mpangaji, aliyehamia baada ya msiba, hakuwahi kuona hata moja.

Kilichobaki sebuleni ni baiskeli, ubavuni mwa cherehani, imefunikwa shuka jeupe. Kusema kweli, mpangaji alikuwa anaiogopa. Tairi zake hazikuwahi kuishiwa upepo, na hakuwahi kumwona mtu akizijaza. Na kuna jioni, akiwa peke yake jikoni, kengele yake ililia mara moja tu, kama mtoto anayeomba njia. Alisimama na mwiko mkononi, kuchungulia hawezi. Ndiyo maana aliomba usiku na mchana kile kitu kipate mwenyewe. Halafu alimwonea mama wa watu huruma. Aliona wazi kwamba baiskeli inammaliza taratibu, na isipotoka humo ndani itamfukia.

Tangazo waliliandika pamoja. Mpangaji alitaka waseme "baiskeli ya mtoto", ili wateja wawe wengi. Mama Cherehani akakataa katakata. "Andika ya mvulana. Neno hilo usiliguse." Haya, akaandika. Akataka pia waseme kwamba gurudumu la mbele limebadilishwa, maana mnunuzi ana haki ya kujua. Hilo nalo likakataliwa, wakanuniana siku nzima.

Wanunuzi wakaja. Kila mmoja alivutiwa kiti, akapewa maji ya kunywa, akasimuliwa habari ileile: jinsi mwanangu alivyoipenda hii baiskeli, jinsi alivyoteremka pale kona kaachia mikono yote miwili, anacheka. Watu walisikitika, wangefanya nini? "Pole sana, mama, kwa kijana wako," walisema. Mmoja akasema, "Mungu amlaze pema dume lako." Mama Cherehani akawasikiliza hadi mwisho, kisha akainuka na kusema ameghairi. Uchungu wa mzazi, mpangaji alijisemea. Mdomo unataka kuuza, moyo unagoma.

Jumamosi akaja mwanamume mmoja nadhifu, mpole, anayeongea kwa sauti ya chini. Akaamkia vizuri. Alisema yeye ni mgeni kabisa sehemu hizi, hata mtaa huu hajawahi kuupita. Shuka lilipoondolewa, hakujaribu breki wala hakuinua kiti. Alilitazama tu gurudumu la mbele, akalitazama sana.

"Kijana wako ana umri gani?" mpangaji alimuuliza, kwa uchangamfu wa biashara.

"Mimi sina mtoto," alijibu. "Nitalipa bei yenu. Na nitaongeza."

Jamani! Mpangaji nusura amkumbatie. Mteja wa namna hii siku hizi unampata wapi? Alimkonyeza Mama Cherehani kumsihi, tafadhali, safari hii usituaibishe.

Mama Cherehani akavuta kiti, akaleta maji, akaanza kusimulia kwa sauti ileile ya siku zote. Alipofika kwenye kona, mgeni alikuwa ameikamata bilauri kwa mikono miwili. Alipofika kwenye kicheko, mgeni akalia. Hakikuwa kilio cha adabu. Mabega yalimtikisika, na maji yakamwagikia suruali.

"Pole, mama," alisema, akijifuta kwa kiganja. "Pole sana. Binti mdogo kiasi kile."

Mpangaji aliona haya kwa niaba yake, akamrekebisha taratibu asije akaharibu biashara. "Si binti, kaka. Ni mvulana. Hata kwenye tangazo tumeandika."

Mama Cherehani hakusema ameghairi. Aliinuka, akasukuma komeo la mlango, akarudi kuketi mbele ya yule mwanamume, magoti yao yakikaribia kugusana.

"Alikuwa binti," alisema. "Wewe nani alikwambia?"