Waya wa Ethi

Limi alipofukua waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja, kwenye nyumba za wafanyakazi wa mgodi, Geita, alikuta umekatwa na kipande kimechukuliwa. Ndiyo sababu mabomba ya maji yalikuwa yanapiga shoti.

“Mwizi huyu hana haya, fundi,” alisema mama mmoja, amembeba mtoto wake aliyepigwa shoti asubuhi. “Na mlinzi tunaye! Analinda upepo?”

Getini, baba yake Limi, ambaye ndiye mlinzi, aliinamisha kichwa.

Limi aliutazama mkato. Nyuzi saba nene za shaba. Kisha akaitazama bangili mkononi mwake, ambayo baba alimsokotea kumpongeza kwa kumaliza chuo. Nyuzi saba. Shaba ileile.

Alichelewa kushusha mkono wa ovaroli. Mtoto alishaishika bangili.

“Nzuri! Nani kakupa?”