Mchele wa Mheshimiwa

Tangu sheria ya uwazi ianze kutumika, kila mjumbe wa bunge la jimbo huvaa kidani kinachorusha mazungumzo yake yote, sauti tu bila picha, kwenye simu za wananchi. Nilizunguka mabweni ya chuo nikikusanya saini za kuidai sheria hiyo, wala sikujali kwamba mama yangu ni mjumbe.

Siku moja kabla ya kura ya kuiuza chemchemi ya mji kwa kampuni, mjumbe mwenzake, Bi Rehani, alikuja kumsaidia kuchambua mchele. Wamezoea kufanya hivyo kabla ya kila kura kubwa.

"Mchele wa siku hizi una mawe, shoga yangu!" mama alisema, akiinamia kidani.

"Si wanatuuzia kokoto kwa kilo!" Bi Rehani alijibu, wakacheka.

Kisha wakanyamaza. Mama alisukuma punje chache upande wa kushoto wa ungo. Bi Rehani akazirudisha kulia, akamtazama usoni. Mama akatikisa kichwa, akaongeza punje nyingine, kama watu wanaopatana. Hatimaye Bi Rehani akaafiki kwa kichwa.

"Mama, mnafanya nini?" niliuliza.

"Tunachambua mchele, mwanangu. Hata wananchi wanatusikia."

Waliendelea hadi alasiri. Wakati wa chakula cha jioni, mama alitangaza kwa sauti thabiti kwamba hataiuza chemchemi, na simu yangu ikajaa pongezi za wanafunzi wenzangu. Nikatia tonge la wali kinywani, nikauma jiwe.