Wabuge Anajifunza Upanga

Getini Wabuge alikohoa mara tatu, akangoja. Aliposikia mlango wa chumba cha mwisho umefungwa, ndipo akaingia kwenye ploti yao ya vyumba vya kupanga, macho chini, akapita upesi hadi kwake.

Mama mkwe alikuwa hapo Langas, mtaani Eldoret, mwezi wa pili sasa, amekuja kumsaidia Sharon, mke wa Wabuge, na mtoto mchanga. Kwao Bungoma mwanaume na mama mkwe hawaangaliani usoni, sembuse kugusana, na ndiyo maana alikodiwa chumba chake huko mwisho. Wabuge tayari alikuwa na kosa moja. Siku ya harusi aliteleza kwa matope, akajishikilia kwa mkono wa mama mkwe mbele ya umati mzima. Kondoo akachinjwa, mambo yakatulia. Lakini mama alituma ujumbe, na Wabuge alikuwa ameukariri kama Baba Yetu: mara ya pili, namchukua msichana wangu na mtoto wake, tunarudi Kimilili.

Ploti yenyewe ndogo, bomba ni moja, choo ni kimoja. Ikabidi kupanga. Jumanne na Alhamisi jioni Wabuge hakai nyumbani, mama akae huru na mjukuu wake. Siku zingine mama alikuwa amepata kikundi cha maombi, na Wabuge akapata kunywa chai kwa kiti chake mwenyewe.

"Hao watu wanaomba kwa nguvu," Sharon alimwambia. "Jana mama amerudi sauti imekauka. Na jasho! Aki nimemfulia leso mara mbili."

"Mungu awasikie," Wabuge alisema, na alimaanisha.

Sasa, mtu asiyekunywa pombe ataenda wapi Jumanne jioni? Ukikalia kikombe kimoja cha chai hotelini masaa matatu, utaondolewa tu. Ndivyo alivyofika kwa Kiprop.

Kiprop alikuwa mkimbiaji. Alikaa Japani miaka minane akishindana mbio kwa niaba ya kampuni ya huko, akarudi Eldoret na goti bovu, panga kumi na mbili za mianzi, na mavazi ya kupigania ya mitumba. Akapata ukumbi nyuma ya duka la mbegu, akabandika karatasi: upanga wa Kijapani, wanaoanza, bure.

Wiki tatu za kwanza Wabuge hakupiga mtu. Alifundishwa kutembea. Ndiyo, kutembea, mtu mzima wa miaka thelathini na nne! Mguu wa kulia mbele, wa kushoto nyuma, kisigino juu kidogo, unaburuta bila kuinua.

"Mkono wa kushoto ndio unafanya kazi," Kiprop alisema. "Wa kulia unaelekeza tu. Wewe umeshika jembe, bwana. Wacha jembe."

Halafu kelele. Ukilenga kichwa lazima uite "Men!", ndiyo Kijapani cha pigo la kichwa, kwa nguvu zako zote, maana pigo la kimyakimya halihesabiwi. Wabuge, aliyekuwa akiishi kwa kunong'ona nyumbani kwake, alipiga ukelele wa kwanza akajishangaa. Haki ya nani, alifurahi. Alirudi Langas siku hiyo akitabasamu peke yake njia nzima.

Wiki ya nane Kiprop alitangaza pambano Jumamosi asubuhi, wao dhidi ya kundi lake lingine, la siku zingine. Siku hiyo ploti ilikuwa kimya. Wabuge alitoka bila hata kukohoa.

Alichelewa. Wenzake walikuwa wamevaa tayari, wamepiga magoti kwa mistari miwili, nyuso ndani ya kofia zenye vyuma mbele. Kiprop alimvalisha huko nje, kofia na yote, akamfunga kitambaa cha kiunoni chenye jina la mwenyewe wa zamani. Limeandikwa Kijapani, kwa hivyo Wabuge alienda vitani bila kujua anaitwa nani. Cha mpinzani wake kilikuwa na herufi za kawaida, kilisomeka vizuri: OOKO.

Huyo Ooko alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na hakuwa na haraka. Waliinamiana. Wabuge akiwa bado anakumbuka ni mguu upi unaanza, alisikia "Men!" na kichwa kikalia.

"Moja," Kiprop alisema.

Wabuge alirudi nyuma. Akazunguka. Akarudi nyuma tena, kama alivyozoea. Kisha hasira zikampanda. Miezi miwili anajificha nyuma ya nguo zilizoanikwa, miezi miwili anachungulia kabla ya kwenda chooni, na hapa pia akimbie? Aliburuta mguu, akaacha jembe, akapiga kelele mpaka vioo vya dirisha vikatetemeka, na upanga ukatua katikati ya kichwa cha Ooko.

"Sasa moja kila mmoja!" Kiprop alisema.

Raha iliyomshika alikuwa hajawahi kuisikia. Wakavamiana mara ya mwisho, wakabanana kifua kwa kifua, wanasukumana na kuhema, hakuna anayekubali kurudi. Ooko alikuwa na nguvu, lo! Kiprop akapiga makofi.

"Muda umeisha. Sare. Pigeni magoti, mvue kofia, mwangaliane usoni, mshukuriane. Hiyo ndiyo adabu ya huu mchezo."

Wabuge alifungua kamba huku akicheka. Alikuwa ameshaamua kumnunulia Ooko chai, na chapati juu. Aliweka kofia sakafuni, akainua macho.

Mbele yake, amefungwa kitambaa cheupe kichwani, mama mkwe alikuwa akimwangalia.

Mama aliokota kofia yake polepole, akaivaa, akafunga kamba zote.

"Mwalimu," alisema kutoka ndani, "mwambie huyo mtu mimi sijamwona. Na umwambie Jumamosi ijayo tunamalizia hii sare."