Drili Isiyo na Kelele

"Hii nyekundu ina nguvu zaidi," muuzaji wa vifaa vya ujenzi mjini Nachingwea alimwambia Mwamini. "Hii ya kijivu haina kelele, ila nguvu yake ndogo. Unatoboa nini, dada?"

"Fremu ya mlango. Naweka komeo."

"Si umwite fundi?"

Mwamini aliinua ile nyekundu, akairudisha. Fundi angeuliza kwa nini komeo linawekwa nje ya chumba cha mama yake, ambaye mara mbili amekutwa barabara ya Mnero, hakumbuki kwao.

Mama alikuwa kando yake, ameshika pindo la khanga ya bintiye kwa vidole viwili.

"Tunanunua nini, mwanangu?"

"Cha kutengenezea mlango wako, mama."

"Afadhali. Haufungi vizuri."

Mwamini akaonyesha ile ya kijivu.